Dandora ilishajaa: tuanzie wapi?

Swali: Dampo la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na bado malori yanamwaga taka pale. Kwa nini isitafutwe ardhi nyingine?

Jibu: Ilitafutwa. Ruai ilipopendekezwa, mamlaka ya viwanja vya ndege ilipinga: taka huvuta makorongo, na makorongo angani ni hatari kwa eropleni zinazotua.

Mimi ningeanzia jikoni na sokoni. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vinavyooza, na ndivyo vinavyotoa methani na maji machafu yanayopenya ardhini. Vikigeuzwa mboji, dampo lolote jipya litadumu zaidi. Sheria ya taka ya 2022 inaamuru kutenganisha, lakini haisaidii kitu lori likichanganya tena kila kitu.

Kusubiri nako kunaua. Agosti 2024 rundo la Kiteezi, Kampala, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30.

Na waokotaji wa Dandora? Waajiriwe kwenye vituo vya kuchambua taka kabla dampo halijafungwa. Hakuna anayezijua taka za jiji hili kuliko wao.