SOMO: NYUMBA NJEMA SI MLANGO



Somo letu la leo ni la jamaa waliojinyima kwa miaka mingi, wakaweka akiba kidogo kidogo, na sasa wamenunua nyumba yao ya kwanza. Hongera sana! Kuacha kulipa kodi kila mwisho wa mwezi na kushika funguo za nyumba yako mwenyewe si jambo dogo. Lakini tuambiane ukweli. Hatari haiishi siku ya kununua. Iko katika mwaka ule wa kwanza, wakati mfuko umekauka, mkopo bado unalipwa, na kila mgeni anayekuja anatazama sebule kwanza.

Wazee walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tuingie ndani tuone ni nini kitangulie na ni nini kingoje.

MFANO WA KUFIKIRIA

Tuseme mume na mke wamenunua nyumba ndogo ya mawe pembeni mwa mji wa Nakuru. Baba ni dereva, mama ni fundi wa cherehani. Wakiweka mapato yao pamoja wanapata shilingi 60,000 kwa mwezi. Mkopo wa chama cha akiba unachukua 26,000. Chakula, karo, nauli na stima vinachukua 29,000. Zinabaki 5,000.

Sasa duka la fanicha linawaambia: "Chukueni sofaseti na kabati leo, mtalipa pole pole." Bei ya pesa taslimu ni 60,000. Kwa kulipa pole pole ni 6,500 kila mwezi kwa miezi 12. Piga hesabu: hiyo ni 78,000. Wameongeza 18,000 bure. Tena kila mwezi wanapungukiwa na 1,500, maana walibakiwa na 5,000 tu. Hizo 1,500 zitatoka wapi? Mara nyingi hutoka kwa karo, au kwa malipo ya nyumba yenyewe. Na malipo ya nyumba yakikwama mwezi baada ya mwezi, mwenye kukopesha hatakuja kuchukua kochi. Atakuja kwa nyumba.

Wangeweka zile 5,000 kila mwezi, baada ya miezi 12 wangekuwa na 60,000 kamili. Kumbe miezi ni ile ile! Tofauti ni kwamba mmoja anakaa juu ya kochi la deni, na mwingine anakaa juu ya mkeka akiwa na usingizi.

Hata hivyo, hizo 5,000 za miezi ya mwanzo zina kazi nyingine kabla ya kochi. Tuzione moja moja.

1. KARATASI KWANZA

Mkataba wa kuuziana si hati ya kumiliki. Hakikisheni kwamba uhamisho umeandikishwa katika ofisi ya ardhi na hati imetoka kwa majina yenu. Wekeni nakala mahali pengine, si zote katika sanduku moja. Risiti za mkopo na za kodi ya ardhi ya kaunti zihifadhiwe pamoja.

Majina ya nani? Hapa wengi huona haya kuzungumza. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani wala kukodishwa bila idhini ya maandishi ya mume na mke wote wawili, wakijua wanachokubali. Mali ikiandikwa kwa majina ya wote wawili, sheria huchukulia kwamba haki zao ni sawa mpaka ithibitishwe vingine. Na ikiandikwa kuwa ni umiliki wa pamoja usiogawanywa, mmoja akifariki, nyumba humwendea yule aliyebaki. Mama, usione kwamba kuuliza jambo hili ni kumtakia mumeo kifo. Baba, usione kwamba ni kukosa adabu. Ni kuwalinda watoto. Muulizeni wakili kabla hati haijatoka, maana kubadilisha baadaye ni gharama.

2. PAA, MAJI NA KUFULI

Badilisheni kufuli siku ile mnayohamia. Hamjui funguo za zamani ziko mikononi mwa nani.

Kisha ngojeni mvua moja kubwa kabla ya kupaka rangi yoyote. Tembea kila chumba ukitazama dari na pembe za ukuta. Panapovuja, weka alama kwa makaa, ili fundi ajue mahali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Rangi juu ya ukuta wenye unyevu ni pesa iliyotupwa, maana itabambuka kabla ya mwaka kuisha.

Mvua hiyo hiyo ni mali. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 8 kwa 6 lina mita mraba 48. Mvua ya milimita 20 itateremsha lita 960. Hata kama nyingine zitapotea, unaweza kukinga zaidi ya lita 700, yaani mitungi 35 ya lita 20. Mfereji wa bati na tangi la plastiki vina faida kuliko pazia la bei ghali. Maji ya kwanza ya msimu yaacheni yaende, kwa sababu yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, mbu wasizae humo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, maji ya visima virefu huwa na floridi nyingi. Hiyo ndiyo inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Maji ya mvua huwa na floridi kidogo sana, kwa hiyo yawekeni kwanza kwa kunywa na kupika.

3. HEWA NA AFYA YA WATOTO

Jiko la makaa lisilale ndani hata siku moja, hata kama baridi ni kali. Hewa yake mbaya haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Pikeni mahali penye dirisha au bomba la moshi.

Kama mmenunua nyumba ya zamani, rangi iliyo ukutani huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe kwa maji, watoto wakae mbali, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio. Paa la asbesto nalo usilitoboe wala kulivunja mwenyewe. Mwite mtu anayejua kazi hiyo.

4. SASA TUPAMBE

Hapa ndipo moyo ulikuwa tangu mwanzo, si ndiyo? Si dhambi kutaka nyumba ipendeze. Nyumba safi yenye mwanga huwapa watoto heshima na hamu ya kusoma. Lakini anzeni na vitu vya bei ndogo.

Rangi: chumba cha mita 3 kwa 3.6, chenye kimo cha mita 2.4, kina ukuta wa kama mita mraba 28 ukiondoa mlango na dirisha. Lita 1 hufunika kama mita mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili mtahitaji kama lita 6. Mkipiga hesabu hiyo wenyewe, hamtauziwa mikebe ya ziada. Chagueni rangi nyeupe au ya maziwa, kwa sababu huongeza mwanga na kupunguza stima. Chokaa ni rahisi zaidi na inafaa jikoni. Plasta mpya ingoje kama wiki nne ikauke.

Vitambaa: mama akiwa na cherehani, pazia na mito ya viti ni kazi yake ya jioni. Mkeka, kiondo ukutani, picha ya arusi, sanamu au msalaba mnaousalia, hivyo vinatosha kusema hapa wanaishi watu.

Nje: gunia lililojazwa udongo na mbolea likatobolewa kando hutoa sukuma wiki na terere. Hilo ni pambo linaloliwa.

5. MAJIRANI

Nyumba bila majirani ni boma tupu. Wiki ya kwanza wasalimieni walio kushoto, kulia na ng'ambo. Jitambulisheni kwa mzee wa mtaa na kwa Nyumba Kumi. Padre akija kubariki nyumba, chai na mandazi yatosha. Karamu ya kukopa haiongezi baraka.

KAZI YA NYUMBANI

Mume na mke wakae mezani jioni moja, simu zizimwe, wajibu maswali haya kwa maandishi:

1. Tukishalipa mkopo na matumizi ya lazima, tunabaki na pesa ngapi kila mwezi?
2. Hati iko kwa majina ya nani? Nakala ziko wapi?
3. Ni mambo gani matatu ya paa, maji au hewa tutakayotengeneza kabla ya kununua fanicha?
4. Ni kitu gani kimoja tunachokitamani sana, na tutakiwekea akiba kwa miezi mingapi?

Vikundi vinaweza kujadili swali hili: kwa nini tunaogopa macho ya wageni kuliko tunavyoogopa deni? Msikimbilie kujibu. Mpeni kila mmoja nafasi ya kusema, hasa kina mama waliobaki wajane na wale waliowahi kupoteza nyumba. Wao wana mengi ya kutufundisha.