Joto Kavu la Marrakech Humdanganya Mgeni

Msafiri anayetoka Nairobi mwezi wa Julai huacha baridi ya sweta. Akifika Marrakech, nchini Moroko, hukuta joto la mchana la karibu nyuzi 37 za Sentigredi, na siku nyingine hupita 40.

Hatari kubwa ni kuwa joto hilo ni kavu. Mombasa, jasho hulowesha shati nawe ukajua kwamba unapoteza maji. Marrakech hukauka mara tu litokapo. Mtu hudhani hatoki jasho, kumbe mwili unazidi kukaukiwa. Basi usingoje kiu. Tazama mkojo: ukiwa wa manjano iliyokolea, ongeza maji.

Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Siku za kwanza tembea asubuhi na mapema au jioni; mchana kaa kivulini. Vaa nguo pana na kofia. Anayetumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, amwone daktari kabla ya kusafiri.

Kizunguzungu, kuumwa na kichwa na kichefuchefu ni onyo. Pumzika penye ubaridi na unywe maji kidogo kidogo.

Lakini mtu akianza kuweweseka, kupepesuka au kuzimia, maisha yake yamo hatarini, hata kama bado anatoka jasho. Itisha ambulensi. Huku mkingoja, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwilini na kumpepea. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.