Dondoo muhimu: Kuhamia Igawa na kufungua mgahawa

Igawa iko wilayani Mbarali, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, na wateja wake ni mchanganyiko: madereva wa malori ya Zambia na Kongo, abiria, wenyeji. Usilipe kodi ya fremu kabla hujashinda hapo asubuhi, mchana na usiku ukiangalia nani anasimama kula. Dereva hafuati supu peke yake. Anataka pa kuegesha, na lori alione akiwa mezani. Fremu ya kuvutia isiyo na maegesho waachie wauza nguo.

Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Leseni utaifuata halmashauri, Rujewa. Kila atakayeshika chakula apimwe afya.

Mchele usinunue kwa kilo. Uko Usangu, bonde la mpunga: weka magunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini.

Ukitaka kujenga banda, uliza kwanza TANROADS, wakala wa barabara. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na barabara ya Igawa–Songwe–Tunduma imo kwenye mpango wa kupanuliwa kuwa njia nne. Aliyejenga ndani ya hifadhi hubomolewa bila fidia.