Kuitambua Bunduki ya Kwenye Sinema ya Zamani

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, na askari wake wakiwa wameshaondoka, wanaizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Sinema mashuhuri za vita vile zilipigwa kwingine: The African Queen (1951) Kongo na Uganda, Shout at the Devil (1976) Afrika Kusini na Malta. Mtengeneza sinema huazima silaha pale anapozipata. Hollywood, kwa mfano, kulikuwa na Stembridge, ghala lililokodisha bunduki kwa studio kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayetaka kujua bunduki iliyo mikononi mwa mwigizaji ni ya aina gani, aisahau hadithi kwanza, atazame chuma na mbao.

Usihangaike na mapigano yenyewe. Moshi na kamera inayotikisika vitakuchosha bure. Tafuta mahali askari anapopakia risasi au anaposimama kwenye gwaride, kisha simamisha picha. Angalia komeo liko upande gani. Karibu bunduki zote za kijeshi za wakati ule zina komeo kulia. Ukiliona kushoto, huenda picha imegeuzwa.

Halafu shuka chini, mbele kidogo ya kifyatulio. Lee-Enfield fupi ya Waingereza ina sanduku la risasi kumi lililochomoza nje, na mdomo wake ni butu kama pua ya kiboko. Mauser 98 ya Wajerumani huficha risasi zake tano ndani ya mbao, tumbo lake limenyooka. Mauser 71 haina sanduku kabisa: risasi moja, mlio mmoja, upakie tena.

Hii 71 ndiyo ya kuichunguza zaidi. Vita vilipoanza mwaka 1914, kompani nyingi za askari wa Wajerumani zilikuwa bado nayo, na baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Aprili 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Rubens ilifika ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Ilipigwa na manowari ya Waingereza, lakini sehemu kubwa ya shehena yake iliokolewa, Mauser 98 zikiwemo. Kabla ya hapo, Novemba 1914, Wajerumani walikuwa wameteka mamia ya bunduki za Waingereza kwenye mapigano ya Tanga.

Ukikumbuka hayo, hutakimbilia kucheka ukimwona askari wa Mjerumani ameshika bunduki ya Mwingereza, wala kikosi kimoja kikiwa na aina mbili tatu. Mimi hutilia shaka zaidi sinema inayowapa wote bunduki mpya za aina moja.

Kosa la kweli linatokana na mwaka. Mauser iitwayo K98k ilianza kutumika 1935, na ilipatikana kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo imeingia kwenye sinema nyingi ambazo si zake. Ni fupi kuliko Mauser 98 ya kawaida, na komeo lake limekunjwa kuelekea chini. Angalizo: komeo lililokunjwa peke yake si ushahidi, kwa sababu ilikuwapo karabini (bunduki fupi) ya 1908 yenye komeo la namna hiyo. Tazama chini ya mdomo. Karabini ile ina kijiti cha kuegemeza bunduki kwa bunduki, K98k haina. Sinema za kauboi nazo zina makosa yao ya mwaka: Winchester ya 1892 hutokea kwenye visa vya miaka ya 1860 na 1870.

Kabla hujaandika jina la bunduki, pima pia nani ameishika. Walio nyuma ya umati mara nyingi hupewa za mbao au mpira, nazo hujulikana komeo lisiposogea na bunduki ikipepesuka nyepesi mtu anapokimbia. Hizo usizitafutie modeli.