Kukunja na Kukunjua: Mpangilio wa DNA katika Kiini cha Seli na Uteuzi wa Istilahi Zake

1.0 Utangulizi

Uteuzi wa istilahi za sayansi hauishii katika kupata neno linalolingana na lile la lugha chanzi. Neno lililoteuliwa hubeba taswira, nayo taswira humwongoza mwanafunzi au humpotosha. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa mfano wa biolojia ya seli: jinsi DNA inavyopangwa ndani ya kiini, na athari za mpangilio huo katika utendaji wa jeni na ukarabati wa DNA. Inadaiwa hapa kwamba kitenzi kunja, pamoja na kinyume chake kunjua, kinaifafanua dhana hii vizuri kuliko fungasha.

2.0 Mpangilio wa DNA

DNA iliyomo katika seli moja ya binadamu, ikinyooshwa, hufikia urefu wa mita 2 hivi, ilhali kipenyo cha kiini ni mikromita chache tu. Hilo huwezekana kwa kuwa DNA huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Mwaka 1974 Roger Kornberg alipendekeza kwamba kipashio cha msingi cha mpangilio huo ni kundi la histoni nane pamoja na DNA yake. Mwaka 1997 Karolin Luger na wenzake walilichapisha umbo la kipashio hicho kwa undani: jozi za besi 146 huzizunguka histoni hizo mara 1.65. Kipashio hicho ni nyukleosomu. Mfuatano wa nyukleosomu na protini zinazoandamana nao ndio kromatini.

3.0 Utendaji wa Jeni

Fungasha huleta taswira ya mzigo uliotayarishwa kwa safari, ambao yaliyomo hayatumiki hadi mwisho wa safari hiyo. Kromatini haiko hivyo. Seli ya ini na seli ya neva za mtu mmoja zina jeni zilezile. Hutofautiana katika jeni zinazoachwa wazi kutumika. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake walihusisha kutiwa asetili kwa histoni na unakili wa jeni. Asetili hupunguza chaji chanya ya histoni, hivyo mshiko wake kwa DNA, yenye chaji hasi, hulegea, na vimeng'enya vya unakili hupata njia. Vimeng'enya vingine huiondoa asetili, na DNA hukazwa tena.

Kiswahili kina nyenzo ya kuueleza ugeukaji huu, nayo ni kauli ya kutendua: ziba/zibua, tega/tegua, kunja/kunjua. Fungasha, ambacho chenyewe kimekwisha kunyambuliwa, hakina jozi ya namna hiyo.

4.0 Ukarabati wa DNA

Miali ya urujuanimno huunganisha besi jirani isivyostahili. Mionzi ya eksi yaweza kukata nyuzi zote mbili. Mwaka 1998 kundi la William Bonner lilionyesha kwamba nyuzi hizo zikikatika, histoni H2AX iliyo kandokando ya mkato hutiwa fosfeti. Alama hiyo husaidia kukusanya protini za ukarabati. Kazi ikiisha, mpangilio wa awali hurejeshwa.

Hapa ndipo taswira ya mzigo inapopotosha zaidi, kwani mwanafunzi atadhani kwamba kilichofungwa ni salama. Mwaka 2012 Benjamin Schuster-Böckler na Ben Lehner walionyesha kwamba, katika seli za saratani, mabadiliko ya DNA ni mengi zaidi katika maeneo ya kromatini iliyokazwa. Mkunjo waweza kuikinga DNA, lakini pia huwazibia njia warekebishaji wake.

5.0 Hitimisho

Kunja nacho kina upungufu. Mkeka hukunjuliwa wote. Kromatini hukunjuliwa sehemu kwa sehemu, tena kwa muda. Aidha, alama ya H2AX ni wito kwa protini nyingine, jambo ambalo kunjua hakilielezi. Kwa hiyo istilahi mkunjo wa DNA iandamane na alama za histoni, ili mwanafunzi aone kwa pamoja umbo linalobadilika na ishara zinazoliongoza.