Mgeni Darasani: Adabu ya Lugha katika Ziara ya Mwanafunzi wa Kigeni kwenye Shule ya Msingi ya Japani

Utangulizi

Wanafunzi wa kigeni wanaosoma katika vyuo vikuu vya Japani kupitia mipango ya kubadilishana mara nyingi hualikwa kuzuru shule za msingi. Ziara hizi zilipata nafasi pana zaidi baada ya mwaka 2002, shule za Japani zilipoanza kutenga saa za masomo unganifu kuanzia darasa la tatu. Kuwafahamu watu wa mataifa mengine ni mojawapo ya mada zinazofundishwa katika saa hizo. Makala haya yanaichunguza ziara hiyo kama tukio la mawasiliano, kwa kumzingatia mgeni anayetoka Kenya. Hoja kuu ni kwamba mgeni huyo hupokea adabu ya wenyeji kupitia maneno yanayoambatana na vitendo, na kwamba naye ana lugha ya kuwapa watoto, ila huenda akaondoka bila kuitoa.

Kuingia na kuanza somo

Ziara huanzia mlangoni. Mgeni huvua viatu na kupewa ndara za kuvaa ndani, nao wanafunzi huwa na viatu vyao maalumu vya ndani. Darasani, anayetoa amri ya kuanza si mwalimu bali ni mwanafunzi wa zamu. Wenzake husimama, huinama kwa pamoja na kuketi, kisha somo la dakika 45 huanza. Kwa kuwa zamu huzunguka, kila mtoto hupata siku ya kuwaongoza wenzake kwa maneno yale yale. Heshima hapa ni kazi ya darasa zima, wala haingoji mwalimu aidai.

Msomi asiyejua kusoma

Jambo la pili humgusa mgeni katika hadhi yake. Mtaala wa mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi wa shule ya msingi ajifunze herufi 1,026 zenye asili ya Kichina katika miaka sita. 80 kati ya hizo ni za darasa la kwanza. Mgeni mwenye shahada anaweza kushindwa kusoma tangazo lililobandikwa ukutani ilhali mtoto wa miaka tisa analisoma bila taabu. Hapo uhusiano wa mjuzi na mwanagenzi hupinduka. Watoto humsomea mgeni, humwandikia kwa herufi nyepesi za silabi, na hurudia maneno polepole.

Kulegeza lugha kwa ajili ya mgeni si mchezo wa watoto tu. Baada ya tetemeko la ardhi lililoikumba Kobe mnamo Januari 1995, ilidhihirika kwamba wageni wengi hawakuyaelewa matangazo ya dharura. Wataalamu wa lugha walianza kubuni Kijapani chepesi chenye sentensi fupi na msamiati wa kawaida. Mtoto anayemrahisishia mgeni maneno anajizoeza stadi ambayo siku moja inaweza kuokoa maisha.

Jina na salamu

Watoto hupenda kuliandika jina la mgeni kwa herufi za katakana, ambazo hutumiwa kwa maneno ya kigeni. Zoezi hili lina faida kwa mwanaisimu. Silabi nyingi za Kijapani, kama za Kiswahili, huishia kwa irabu. Jina Juma huandikwa bila kubadilika. Leila huwa Reira, kwa kuwa Kijapani hakitofautishi /l/ na /r/. Kiplagat hupachikwa irabu na kuwa Kipuragato. Kiswahili nacho hufanya vivyo hivyo: neno la Kiarabu kitāb liliongezewa irabu likawa kitabu. Gari ambalo Mswahili huliita basi, Mjapani huliita basu.

Kwa upande wa salamu, mgeni hukabiliwa na kishawishi cha kuwafundisha watoto neno "jambo" peke yake, kwa kuwa ni rahisi na linajulikana na watalii. Kufanya hivyo ni kuwanyima kiini cha salamu yenyewe. Mtoto mmoja husalimiwa "hujambo", naye hujibu "sijambo". Darasa zima huambiwa "hamjambo", nalo hujibu "hatujambo". Katika dakika tano watoto huwa wamegundua kwamba Kiswahili hubeba nafsi na idadi mwanzoni mwa neno, jambo ambalo vitenzi vya lugha yao havifanyi.

Chakula na ufagio

Chakula cha shuleni kinaongozwa na sheria ya mwaka 1954. Wanafunzi wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, huwapakulia wenzao, na hakuna anayeanza kula kabla ya darasa kutamka "itadakimasu". Neno hilo linatokana na kitenzi cha unyenyekevu chenye maana ya kupokea, ambacho asili yake ni kuweka kitu juu ya kichwa. Baada ya kula husemwa "gochisosama", neno ambalo ndani yake mna dhana ya kukimbia huku na huko, yaani taabu ya aliyeandaa mlo. Mswahili anayekula humwambia anayefika "karibu". Hivyo, neno la Kijapani humwelekea aliyetoa chakula, na la Kiswahili humwelekea ambaye hajakipata. Adabu zote mbili ni za mezani, lakini kila moja humkumbuka mtu tofauti.

Baadaye wanafunzi hufagia madarasa, hupiga deki ujia na kusafisha vyoo. Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika shule ya Japani, mgeni anaweza kupewa tambara siku ile ile ya kwanza, na kupewa huko ni dalili kwamba amehesabiwa miongoni mwa wenyeji.

Lugha ipi ya mgeni?

Tangu mwaka 2020, lugha ya kigeni ni somo kamili katika darasa la tano na la sita, na kwa kawaida lugha hiyo ni Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mgeni kutoka Kenya anaweza kutumiwa kama chombo cha kuzoeza watoto Kiingereza. Akikubali bila kutafakari, watoto watadhani kwamba kila mgeni ana lugha hiyo moja. Watauliza pia kama simba hutembea mitaani, na mtu mmoja atalazimika kulijibia bara zima. Jibu bora ni kutaja mji wake, shule yake na lugha zinazozungumzwa nyumbani kwao, asijifanye msemaji wa Afrika.

Hitimisho

Kiswahili si kigeni kabisa nchini Japani. Chuo Kikuu cha Osaka hukifundisha katika kiwango cha shahada. Katika shule ya msingi, hata hivyo, huenda mgeni huyo akawa Mswahili wa kwanza kuonekana na watoto hao. Inapendekezwa kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni viwaandae wanachama wanaokwenda ng'ambo: wawe na somo fupi la salamu, methali mbili au tatu na hadithi moja ya kusimulia kwa picha. Maandalizi hayo hayahitaji fedha. Yanamhitaji mwanafunzi aijue lugha yake kiasi cha kuweza kumweleza mtoto.