Haki ya Mnyama Aliyezeeka



Katika kijiji kimoja upande wa Igombe, kandokando ya Ziwa Viktoria, si mbali na mji wa Mwanza, ndugu mmoja aliyeingia Uislamu karibuni aliniletea swali. Alikuwa na mbwa aliyemlindia mbuzi wake kwa miaka 11. Sasa mbwa huyo amezeeka, macho yamefifia, na uvimbe umemtokea ubavuni. Daktari wa mifugo alisema uvimbe waweza kukatwa, lakini gharama yake ingefikia bei ya mbuzi 2. Majirani wakamcheka. Mmoja akamwambia kwamba Mwislamu kumgharimia mbwa ni israfu, tena ni dhambi. "Sheikh," akaniuliza, "nimwache afe?"

Nakiri kwamba nusura nimjibu kuwa mbwa ni mbwa tu. Lakini maswali ya dini hayajibiwi kwa mazoea ya watu. Basi na tulitazame pamoja.

Kwanza, je, Mwislamu aweza kufuga mbwa? Kurani Tukufu yaruhusu kula windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa (5:5), na yawataja Watu wa Pangoni pamoja na mbwa wao (18:19). Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Ni kweli kwamba aliagiza pia chombo kilichorambwa na mbwa kioshwe mara 7. Lakini usafi ni jambo moja na huruma ni jambo jingine. Yeye huyohuyo alieleza habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Alieleza pia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula.

Pili, je, wajibu wetu hukoma mnyama asipofaa tena? Hapa ndipo wengi hukosea. Mwanachuoni Izzud-Din bin Abdus-Salaam wa Damascus, aliyefariki Cairo mwaka 1262, alipoeleza haki za wanyama juu ya mwanadamu, alitaja kwamba yampasa mwenye mnyama kumtunza hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutopatikana faida kwake. Msukuma mwenye maksai aliyelima shamba lake miaka mingi aweza kumchinja kwa njia njema, na nyama yake ikafaa watu. Mbwa haliwi. Aliyekula ujana wake hana pa kumpeleka uzee wake. Deni limebaki mlangoni kwake.

Tatu, je, deni hilo halina mpaka? Linao. Kurani Tukufu yatuamuru kuwapa jamaa na maskini haki yao, na yakataza ubadhirifu (17:27). Kwa hiyo chakula cha watoto, dawa ya mama mzazi na deni la watu hutangulia. Kikibaki kitu, kukitumia kuondoa maumivu ya kiumbe ulichokifuga si israfu. Kisipobaki, fanya unaloliweza: safisha kidonda, mpe kivuli, maji na chakula laini. Na daktari akisema hakuna tumaini, usimrefushie mateso ili kuuridhisha moyo wako. Mtume (s.a.w.) aliagiza wema hata katika kuua, basi daktari ampumzishe bila kumtesa. Kumpiga marungu au kumtupa porini si njia ya Mwislamu.

Nilimwuliza yule ndugu: "Fedha unazo?" Akajibu: "Ninazo, lakini ni za sare na madaftari ya kijana wangu." Nikamwambia: "Mnunulie kijana kwanza, kisha uzungumze na daktari." Daktari alikubali kulipwa kidogo kidogo. Mbwa yule aliishi msimu mmoja zaidi wa mvua, amelala chini ya mwembe; na yule kijana ndiye aliyempelekea maji. Sidhani kama somo lile la huruma angelipata katika madaftari yake.

Ndugu msomaji, ukiwa na mnyama, usingoje uzee wake. Mchanje mbwa wako dhidi ya kichaa cha mbwa, kwani ugonjwa huo huua watu pia, mwondolee kupe, mwone afisa mifugo mapema, maana ugonjwa mchanga gharama yake ni ndogo. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ya nchi yetu yakataza kuwatesa wanyama. Lakini Mwislamu hangoji askari. Yeye ajua kwamba wanyama nao ni umati kama sisi (6:39), na kwamba ataulizwa juu ya kila alichokabidhiwa.

Mwenyezi Mungu atujalie huruma yenye kipimo, na kipimo chenye huruma. Amin.